Spidi ya Stoli kwa Gari Dogo la Mizigo: Kuchagua Konveta ya Gari la Kasingirima

(Mada iliyotolewa na idara yetu ya usafiri na vifaa katika semina ya kamati za parokia, Kasingirima, Ujiji)



Tumeombwa tueleze kwa nini idara imechukua muda mrefu kujibu maombi ya kamati ya Kasingirima kuhusu giaboksi ya gari lao. Maombi yalikuwa mafupi: gari halipandi mlima likiwa na mzigo, fundi amesema konveta imekufa, tunaomba fedha za konveta. Zilipendekezwa konveta mbili. Ya kwanza ni ya aina ileile iliyotoka kiwandani, iliyotumika. Ya pili ni ndogo kidogo, ambayo muuzaji aliisifia kuwa ina "stoli kubwa" na kwamba gari litaruka kama swala. Fedha zilizoombwa zingetoka katika fungu lililotengwa kwa ajili ya mashine ya kukamulia mawese. Kwa hiyo suala hili si la chuma peke yake. Akina mama waliosubiri mashine hiyo wamo humu ukumbini, na wanayo haki ya kujua fedha zinakwenda wapi na kwa sababu gani.

Gari lenyewe mnalifahamu. Ni kirikuu, Suzuki Carry, katika familia ya magari madogo ya Japani ambayo sheria ya huko imeyawekea mipaka: injini isizidi sentimita za ujazo 660, na mzigo usizidi kilo 350. Kirikuu nyingi zilizopo mitaani ni za klachi. Hili letu ni la oto, la gia tatu. Wapo katika idara waliosema tangu mwanzo kwamba gari la oto halifai kwa mizigo ya Kigoma, na hoja yao tutaifikia.

Konveta ni nini? Kwenye gari la klachi, injini na giaboksi zinaunganishwa na klachi pleti. Kwenye gari la oto kuna duara la chuma lililojaa oili, na hilo ndilo mafundi wanaliita toki konveta; sisi hapa tutasema konveta tu. Weka mapangaboi mawili yatazamane, moja limewashwa na jingine halina umeme. Upepo wa la kwanza utalizungusha la pili. Ndani ya konveta kazi ya upepo inafanywa na oili. Upande mmoja umefungwa kwenye injini, upande wa pili kwenye giaboksi, na katikati kuna gurudumu dogo linaloitwa steta. Kazi ya steta ni kuigeuza oili inayorudi ili isukume badala ya kuzuia, na kwa sababu hiyo nguvu ya kuvuta inaongezeka gari linapoanza kuondoka, karibu mara mbili ya ile iliyotoka kwenye injini. Steta ina kifungo kinachoiruhusu kuzunguka upande mmoja tu. Tafadhali mkikumbuke kifungo hicho, kwa kuwa ndicho kilichotuleta hapa.

Aliyebuni chombo hiki ni Mjerumani, Hermann Föttinger, aliyepata hataza yake mwaka 1905. Hakukibuni kwa ajili ya magari. Alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha meli mjini Stettin, na alitaka kuunganisha tabini ya mvuke inayozunguka kwa kasi na pangaboi la meli linalotakiwa kuzunguka polepole. Sisi watu wa ziwa tunapenda habari za meli, basi tuseme mapema kwamba Liemba, iliyojengwa Papenburg mwaka 1913 na kuletwa hapa kwa vipande, haikutumia chombo hicho. Ilianza na injini za mvuke za kawaida. Konveta iliingia kwenye magari ya abiria baadaye sana. Buick ya Marekani iliiweka kwenye toleo la mwaka 1948.

Sasa spidi ya stoli. Ukilizuia gari kwa breki lisitembee kabisa, ukaweka D na kukanyaga mafuta hadi mwisho, injini itapanda mpaka mahali fulani na kugoma hapo. Oili inazungushwa lakini upande wa giaboksi umesimama. Mizunguko ambayo injini imegomea, hiyo ndiyo spidi ya stoli. Kila gari lina namba yake ya kiwandani, na namba hiyo imo kwenye kitabu cha matengenezo. Kwa mazungumzo ya leo tuchukue mfano wa mizunguko 2,400 kwa dakika.

Wengi wanadhani namba hiyo ni mali ya konveta peke yake, kama namba ya kiatu. Sivyo. Konveta ileile ukiifunga kwenye injini yenye nguvu zaidi, stoli inapanda. Ukiifunga kwenye injini dhaifu, inashuka. Hata hewa ina neno hapa. Injini isiyo na tabochaji hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 za kupanda kutoka usawa wa bahari. Ziwa Tanganyika liko karibu mita 770 juu ya bahari. Kwa hiyo gari ambalo kitabu kinasema 2,400, hapa Ujiji litasoma kama 2,300 likiwa na afya njema, na huko Kasulu, juu zaidi, litasoma pungufu ya hapo. Tunalisema hili kwa sababu fundi akikuletea 2,300 na kukuambia konveta imechoka, anakuuzia mwinuko wa nchi yetu.

Jambo la pili linaloamua stoli ni ukubwa wa duara lenyewe, na athari yake ni kubwa kuliko macho yanavyoweza kukisia. Konveta mbili za umbo moja, moja ya sentimita 20 na nyingine ya sentimita 18, zinaonekana karibu sawa mezani. Lakini uwezo wa konveta kuishika injini unafuata kipimo cha upana wake kikizidishwa chenyewe kwa chenyewe mara tano. Punguza upana kwa sehemu moja ya kumi, na stoli inapanda kwa karibu asilimia 30. Ile 2,400 inakuwa kama 3,100. Hiyo ndiyo "stoli kubwa" iliyokuwa inasifiwa.

Je, muuzaji alisema uongo? Hapana, si uongo wote. Huko Marekani wapo watu wanaochukua pikapu nyepesi, wakaifanyia injini marekebisho ya kushindana mbio, na injini ya namna hiyo huwa haina nguvu chini. Nguvu yake iko juu. Wanahitaji konveta inayoiacha injini ipande haraka hadi mahali penye nguvu, ndipo gari litoke kwa kishindo. Stoli ya 3,000 na zaidi inawafaa. Pikapu yao ni nyepesi asubuhi na nyepesi jioni, na ikishaondoka inakuwa imeshatoka kwenye eneo la stoli kwa sekunde chache.

Kirikuu yetu siyo hiyo. Tunaiita gari jepesi kwa sababu ikiwa tupu ina uzito wa kama kilo 700. Hebu tupige hesabu. Dumu la lita 20 la mawese, pamoja na plastiki yake, ni kama kilo 19. Madumu 18 ni kilo 342, na huo ndio mwisho wa mzigo halali. Ongeza dereva na mtu mmoja, tumefika kilo 1,170 hivi. Kwenye mwinuko wa moja kwa nane, kama ule wa kutoka mwaloni kupanda juu, uzito unaovuta gari kurudi nyuma ni moja ya nane ya hizo, yaani kilo 146. Likiwa tupu na dereva peke yake ni kama kilo 96. Na yale madumu 30 ambayo wote tumeyaona juu ya kirikuu mjini hapa, uzito unafika kilo 1,400 na mvuto wa nyuma kilo 175, bila kuhesabu mchanga na mashimo. Gari jepesi la Ujiji halina uzito mmoja. Lina uzito wa kwenda na uzito wa kurudi, na konveta lazima ichaguliwe kwa ule wa kurudi.

Kwa nini konveta ndogo isisaidie, ikiwa inaiacha injini ipande mahali penye nguvu? Injini hizi ndogo za petroli kweli hupata nguvu yao juu, na ndiyo maana hata kiwandani hawakuzipa stoli ya chini kama ya lori la dizeli. Wajapani walishalifikiria hilo. Tatizo la kuzidisha ni joto. Wakati gari limesimama na injini inavuma kwenye stoli, nguvu yote ya injini inaishia kwenye oili. Hakuna hata kidogo inayofika kwenye magurudumu kama mwendo. Kwa injini ya ukubwa huu tunakadiria kilowati 12, sawa na birika sita za umeme zinazochemsha pamoja ndani ya lita chache za oili. Kama chuma kinachoizunguka kisingesaidia kupokea, lita mbili zilizomo ndani ya konveta zingepanda karibu digrii nne kila sekunde. Gari linapopanda mlima polepole na mzigo halimo kwenye stoli kamili, lakini liko jirani nayo, na linakaa huko dakika nzima au zaidi. Stoli ikiwa 3,100, ujirani huo unaanza mapema na unaisha kwa kuchelewa.

Mafundi wa giaboksi wanayo kanuni ya kukadiria: oili ya giaboksi ya oto inaishi vizuri kwenye digrii 80, na kila digrii 11 zinazoongezeka zinakata maisha yake nusu. Zikiongezeka digrii 33, oili inabaki na sehemu moja ya nane ya maisha yake. Oili ikiungua, klachi za ndani ya giaboksi zinafuata, na hapo hatuzungumzii tena konveta bali giaboksi nzima.

Liko pia suala la mafuta. Bei kikomo za petroli zinazotangazwa na EWURA huwa juu zaidi hapa Kigoma kuliko Dar es Salaam, kwa sababu ya safari. Konveta isiyo na kufuli ya ndani haiachi kuteleza kabisa. Kama mwendo wa kawaida wa gari, tuseme barabara ya Ujiji kwenda Mwanga, unaiweka injini kwenye mizunguko 2,500, basi gari lenye stoli ya 2,400 limeshashika vizuri. Lenye stoli ya 3,100 linateleza safari nzima, na utelezi huo unanunuliwa kituo cha mafuta.

Kwa hiyo kati ya zile konveta mbili, idara ilichagua ya ukubwa wa kiwandani bila mjadala mrefu. Mjadala mrefu ulikuwa kwenye swali la kwanza: je, ni kweli konveta imekufa? Maana barua ya maombi haikuwa na namba yoyote.

Tukaomba kipimo cha stoli. Tutaeleza kinavyofanyika, kwa sababu tangu sasa kila kamati yenye gari la oto itatakiwa kukileta. Oili iwe kwenye kiwango na iwe imepata moto wa kazi. Magurudumu yote manne yawekewe vizuizi vya mawe au magogo, breki ya mkono ivutwe, breki ya mguu ikanyagwe kwa nguvu zote, na mtu yeyote asisimame mbele wala nyuma ya gari. Weka D, kanyaga mafuta hadi mwisho, soma mizunguko, achia. Isizidi sekunde tano, na sababu mmeisikia kwenye ile hesabu ya birika. Kisha weka N na uiache injini izunguke taratibu kwa dakika moja au zaidi ipoe kabla ya kurudia. Kirikuu nyingi hazina mshale wa mizunguko kwenye dashibodi, hivyo fundi awe na kifaa cha kusomea. Fundi anayesema anasikia kwa sikio tunamheshimu, lakini idara haiwezi kulipia sikio.

Namba ikija juu kuliko ya kitabu, konveta mara nyingi haina kosa. Klachi za ndani ya giaboksi zinateleza, au oili ni pungufu. Namba ikija chini, kuna njia mbili. Ama injini yenyewe ni dhaifu, ama kile kifungo cha steta kimeharibika na steta inazunguka ovyo pande zote mbili. Kuzitofautisha si kazi ngumu. Injini dhaifu ni dhaifu popote, mlimani na kwenye tambarare. Steta iliyoharibika hivyo inalifanya gari liwe zito kuondoka na kupanda, lakini likishachanganya mwendo linakwenda kama kawaida. Kuna pia steta iliyoganda isiyozunguka kabisa; hiyo inatoa namba nzuri kwenye kipimo, ila gari halikimbii na oili inachemka. Kipimo peke yake hakiigundui, na dereva ndiye anayejua.

Gari la Kasingirima lilisoma 1,700. Hatukutoa fedha siku hiyo. Tuliomba kwanza chujio la hewa libadilishwe, maana vumbi la kiangazi hapa linajulikana, na plagi zibadilishwe pia. Hizo ni gharama ndogo ambazo kamati ilizimudu kwa mchango wake yenyewe. Lilipopimwa tena likasoma 1,750. Dereva akaulizwa kuhusu barabara ya tambarare, akasema huko halina shida yoyote. Hapo hatukuwa na ubishi tena. Ni kifungo cha steta, na kifungo hicho kimo ndani ya konveta iliyochomelewa pande zote, ambayo hapa mjini hatuna mashine ya kuifungua na kuifunga upya kwa usawa unaotakiwa. Konveta lazima ibadilishwe, na fedha lazima zitoke kwenye fungu la mashine ya mawese.

Tunajua jibu hili limewaumiza baadhi yenu. Mama mmoja wa kikundi alituuliza swali tunalotaka lisikike na wafadhili pia: kama fedha za mashine zinaliwa na gari, kwa nini gari lisibebe madumu 30 kila safari ili kuzirudisha haraka? Ni swali la haki. Tulimjibu kwa hesabu. Ziada ya madumu 12 ni kilo 228, imo kwenye kila mlima, na inakwenda kupokelewa na oili ileile. Hakuridhika sana, na sisi hatukumtegemea aridhike.

Kuhusu wale wanaosema gari liuzwe linunuliwe la klachi: kwa parokia za juu, njia ya Kasulu, tunakubaliana nao, na maombi mapya ya magari kwa huko tutayapitisha kwa giaboksi ya mkono. Klachi pleti fundi yeyote wa hapa anaibadilisha, na haichemshi oili ya mtu. Kwa Kasingirima hatukubaliani. Safari nyingi za gari hili ni fupi, mtaa kwa mtaa, likisimama na kuondoka mara nyingi, na madereva wa kujitolea wanabadilishana. Dereva mgeni anaweza kuua klachi katika wiki moja, konveta inamvumilia. Tena kuuza gari bovu kwa bei ya gari bovu ili kununua jingine, fungu la mawese lisingebaki na kitu.

Fundi atakayeifunga tumempa masharti machache. Alinganishe meno ya shafti na idadi ya boliti kabla gari halijafumuliwa, si baada. Konveta ikae hadi ndani kabisa kwenye pampu ya giaboksi, na apime kwa rula kutoka ukingo wa giaboksi, kwa kuwa ikilazimishwa kwa boliti kabla haijakaa inapasua pampu. Mabomba ya kupozea oili yasafishwe, chujio libadilishwe na oili iwe mpya yote. Tumeongeza pia rejeta ndogo ya oili, itakayofungwa mbele mahali penye upepo. Hiyo haikuwa kwenye maombi ya kamati. Tumeilipia kutoka fungu la idara.

Kwa madereva: mlimani na mzigo tumieni gia ya chini tangu mwanzo wa mlima, msisubiri gari lichoke. Na msilishikilie gari mlimani kwa kukanyaga mafuta kidogo kidogo mkisubiri abiria au punda apite. Breki ya mkono ipo.

Konveta imeagizwa Kariakoo na tunaitarajia kwa treni. Ikishafungwa, gari litapimwa stoli mbele ya kamati, na namba itaandikwa kwenye daftari la gari pamoja na tarehe; tunategemea isipungue sana 2,300 kwa mfano wetu wa leo. Kamati imekubali pia kwamba pembeni mwa bodi paandikwe kwa rangi: MADUMU 18. Maombi ya mashine ya kukamulia mawese yatarudi mezani robo ijayo, yakiwa ya kwanza kwenye ajenda, na wafadhili wanaopenda kuona kilichobaki kwenye fungu hilo watakipata kwenye taarifa ya fedha ndani ya jarida hili.